Slaidi za Kisima cha Ludara

Arua, 4 Septemba 1978

Kaltumu mpwa wangu,

Salaam aleikum. Mama yako hapa Awindiri ni mzima, anasema ule vizuri na uache kulala bila chandarua. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Slaidi zimefika jana kutoka Nairobi. Nimezingoja tangu mvua za mwanzo. Nikafunga mlango wa ofisi, nikatundika shuka ukutani, nikawasha mashine, nikakaa na chai yangu ili nione kisima cha Ludara kinavyochimbwa, hatua kwa hatua. Kaltumu, kisima kiko wapi?

Slaidi ya kwanza, wanaume wanne wamesimama mstari, kanzu zimepigwa pasi, mikono imebana mapajani. Kwenye orodha yako umeandika: "Kuanza kuchimba." Wanachimba kwa kutumia nini, kope? Ya pili, akina mama wamevaa magauni ya gomesi, mmoja amekaa kwenye kiti cha sebuleni katikati ya majani. Umeandika: "Kubeba kokoto." Nimetafuta kokoto mpaka macho yakauma. Ya tatu, mzee wa koti la kahawia ameweka redio sikioni. Umeandika: "Kujengea ukuta wa ndani."

Na hilo koti! Kwanza nilidhani mwenye koti ni fundi mkuu, maana yuko kila mahali. Nikasogea karibu na shuka. Watu ni tofauti, koti ni moja. Mrefu linamwishia kiunoni, mfupi linamfika magotini, na redio ni hiyo hiyo moja.

Inaonekana umesahau, basi nikukumbushe. Shirika lilitupa saruji, likasema tuwaonyeshe kazi yote kwa picha, tangu jembe la kwanza hadi mwisho, ndipo pampu itoke. Bwana Pettersen wa Shirika anakuja Desemba. Atafika Arua tu, kwa sababu wageni hawapewi ruhusa ya kwenda mpakani. Kwa hiyo atakachokijua kuhusu Ludara ni kile tutakachomwonyesha kwenye shuka. Pampu iko hapa stoo, imelala kwenye sanduku lake. Ufunguo ninao mimi. Naipita kila asubuhi nikienda ofisini, na siwezi kuitoa.

Bila picha ya shimo, hakuna pampu. Sijui niseme kwa lugha gani.

Mjomba wako anayeumwa kichwa,
Tahiru Fadhul


Ludara, 15 Septemba 1978

Mjomba,

Waleikum salaam. Pole na kichwa. Cha kwangu kinauma tangu Mei, ila mimi hakuna aliyenipa pole.

Unadhani sikujaribu? Ningekuwa na wewe siku moja tu hapa uone. Watu wako shimoni, matope mpaka shingoni, wanaimba, kazi inakwenda. Naitoa kamera kwenye mfuko. Ghafla hakuna mtu. Jembe limebaki limesimama peke yake. Wote wamekwenda mtoni kuoga. Baada ya muda wanarudi wananukia sabuni, wamevaa nguo za Idi na za Krismasi, wanajipanga mbele ya shimo na kulifunika lote. Nikisema wapishe kidogo shimo lionekane, wananitazama kama nimewatukana.

Koti ni la Mzee Abiriga. Alilileta kutoka jeshini zamani, na asiyekuwa na koti anaazima kwake. Nilimsihi apigwe picha akiwa na sururu. Akanijibu, "Kaltumu, mimi nikikufa, hii picha ndio itabaki. Watoto ya watoto wataangalia, wataona babu iko na matope mpaka masikio? Ngoja. Mimi nakwenda oga."

Sasa nimjibu nini, mjomba? Watu wengi hapa hawajapigwa picha tangu wazaliwe. Picha kwao ni ya kutundikwa ukutani na kubebwa mbele siku ya mazishi. Wewe unataka ya kumwonyesha mzungu udongo.

Na kazi imekwisha. Ukuta umesimama, mfuniko wa zege tumeumwaga, tundu la pampu liko wazi katikati likiwa na gunia juu yake. Wanateka kwa kamba, na kamba inalala kwenye mavi ya mbuzi kabla ya kuingia majini. Juzi kuku alidondokea humo. Watoto wanaharisha. Nipe hiyo pampu.

Wako,
Kaltumu


Arua, 22 Septemba 1978

Kaltumu,

Ningekuwa na uwezo wa kuitoa ningekuwa nimeitoa. Usiniandikie kana kwamba mimi nawalisha watoto wa watu uchafu.

Nimefikiri, na njia ni rahisi. Chimbeni shimo jingine pembeni, si kubwa, la kimo cha mtu linatosha. Wavae nguo zao za shamba. Piga picha ya jembe la kwanza, ya kupandisha udongo, ya mtu akiwa ndani. Kisha mfukie. Kazi ya asubuhi moja tu. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu kisima kipo kweli na kilichimbwa hivyo hivyo.

Na kila slaidi uiandikie maelezo yanayofanana na kilichomo. Kama ni mzee na redio, andika mzee na redio.

Tahiru


Ludara, 6 Oktoba 1978

Mjomba,

Barua yako niliwasomea watu pale kisimani. Nilifanya vibaya kusoma yote.

Eyotaru, mwenyekiti wa akina mama, aliweka mtungi chini. Akasema, "Shimo ya kimo ya mutu, halafu kuacha tupu? Hiyo shimo itaita mutu. Nyumba moja hapa italia. Ambia mjomba yako akuje lala ndani yeye mwenyewe." Wengine wakaitikia. Mzee Abiriga akasema hata mbwa hachimbiwi shimo kabla hajafa, sembuse mtu. Nilitaka ardhi inimeze, ila nikaogopa kuitaja ardhi.

Kwa hiyo hilo la shimo la uongo lisahau kabisa. Lakini Obeti, yule mchimbaji wetu, ana neno la maana. Anasema kiangazi kikianza maji yatashuka, na lazima wausogeze mfuniko, waingie tena wachimbe chini zaidi, kazi ya kweli, mle mle kisimani. Udongo utapanda, kapi la kamba litazunguka, mtu atakuwa ndani. Hapo nitapata picha zako.

Kuhusu nguo, nimepatana nao. Kila mtu kwanza apigwe picha yake ya heshima, peke yake, na koti, na redio, na kiti, chochote anachotaka. Baada ya hapo nitawapiga wakiwa na matope na hawatakimbia. Nitumie filamu mbili.

Kaltumu


Arua, 3 Novemba 1978

Kaltumu,

Filamu mbili anakuletea Umaru kwenye lori lake, akiwa njiani kwenda Oraba. Mwambie asiziweke karibu na injini kama alivyoziweka zile.

Filamu moja nzima ya picha za heshima! Ni mali ya Shirika, haikuletwa kupamba kuta za Ludara. Nimemdanganya mkuu wangu kuwa ya kwanza iliingia unyevu. Umenifanya mwongo katika umri wangu huu.

Bahati moja tu tunayo. Redio inasema mambo ya vita huko kusini, na Pettersen ameandika kuwa atakuja Februari badala ya Desemba. Kwa hiyo kiangazi chako tumekipata. Usikiharibu. Narudia mara ya mwisho, nataka kuona shimo, nataka kuona jembe, nataka kuona jasho.

Mama yako anauliza kama umepata mchumba huko. Mimi nimemwambia una kamera.

Tahiru


Ludara, 20 Desemba 1978

Mjomba,

Filamu zote mbili zimejaa, Umaru anazo. Keti chini kwanza ndipo usome.

Nilianza na za heshima. Walipanga foleni tangu asubuhi. Eyotaru alikuja na mtoto wake mdogo, Candiru, amemvika gauni jeupe na soksi, na soksi ziliendelea kushuka. Mzee Abiriga alipigwa na koti lake mwenyewe, na siku hiyo hakumwazima mtu mpaka picha yake ilipokwisha. Obeti alitaka kupigwa ameshika baiskeli ya mwalimu. Sikumkatalia mtu.

Nikajua sasa watakimbia. Lakini Eyotaru alivua gomesi, akaikunja, akafunga kanga yake ya shamba, akaniambia, "Ile ya heshima iko sasa. Hii ingine ni ya kazi tu. Piga." Mjomba, walishuka kisimani wote! Walipanda na matope mpaka kwenye nyusi, wanacheka, wanavuta kamba, hakuna aliyenitazama hata mmoja. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi.

Wanauliza watajiona lini. Nimewaambia picha hizi ni vipande vidogo, zinahitaji mashine, na mashine iko Arua. Wamenuna.

Kaltumu


Arua, 19 Februari 1979

Kaltumu mwanangu,

Slaidi zimefika, kwa kupitia mikono mingi. Nimeziangalia zote.

Matope! Niliinuka kwenye kiti. Ile ya Obeti amesimama chini kabisa, anatazama juu, na ndoo ya udongo inapita juu ya kichwa chake, niliiacha kwenye shuka mpaka mashine ikaanza kunuka. Nimezipanga, nimezipa namba, nimezirudia mbele ya ukuta mtupu mpaka naweza kuzieleza nikiwa nimefumba macho. Sijapata kuona kazi imeelezwa vizuri hivi bila mtu kusema neno.

Na sasa sikia. Jumamosi imekuja simu ya maandishi. Bwana Pettersen haji. Hali si nzuri, barabara si salama, ataangalia tena mambo yakitulia. Mpaka hapo pampu ibaki stoo, isiguswe. Mkuu wangu amekwenda likizo kwao na sanduku zake zote, na watoto, na magodoro. Likizo gani ya magodoro? Nimebaki na mashine, shuka na ufunguo.

Nina hasira, Kaltumu, na sina wa kumkasirikia. Nakutumia zile za heshima, maana hapa hazina kazi. Wape wenyewe, wazitazame kwa kuziinua kwenye mwanga wa jua. Za kazi ninabaki nazo, huenda akaja.

Mjomba wako,
Tahiru


Ludara, 11 Aprili 1979

Mjomba,

Mvua zimeanza wiki iliyopita. Maji ya kilimani yameingia kisimani kwa lile tundu, na kila kilichokuwa njiani kimeingia nayo. Tuliweka gunia, tukaweka bati, tukaweka mawe. Tundu ni la pampu, mjomba, halizibwi na kitu kingine.

Candiru wa Eyotaru amekufa Jumapili. Aliharisha siku chache tu. Mazishini mama yake alikuwa ameishika ile slaidi kati ya vidole viwili, anaiinua juu, wanawake wanapita mmoja mmoja kutazama gauni jeupe. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Usiniandikie tena habari za hatua. Usiniandikie kuhusu Pettersen. Walifanya kila ulichotaka, wakajipaka matope mbele ya kamera kwa ajili yako. Ufunguo uko mfukoni mwako, na mimi nimechoka na wewe.

Kaltumu


Arua, 30 Aprili 1979

Kaltumu,

Tayarisha mchanga na ile saruji iliyobaki. Obeti asiende popote. Umaru atapita hapo Alhamisi na mzigo, na mimi nitakuwa juu ya mzigo.

Usijibu.

Tahiru


Upande wa Kaya, Sudan, 26 Agosti 1979

Mjomba wangu,

Umaru anasema mtu mrefu, mkali, mwenye koti la kahawia ameonekana sokoni Ariwara, Zaire, akigombana na muuza chumvi kuhusu mizani. Nikasema huyo ni wewe, Alhamdulillahi, na nimemshikilia Umaru hapa mpaka nimalize barua hii. Mama yangu, dada yako, niko naye. Vita vilipofika Arua alikuja kwetu Koboko kwa miguu na wenzake wa Awindiri, tukavuka mpaka wa Oraba pamoja mwezi wa sita. Ni mzima, analalamika, kwa hiyo ni mzima kweli.

Watu wa Ludara wengi wako hapa pamoja nami. Nguo zimebaki, sufuria zimebaki, kuku wamebaki. Lakini slaidi zako zisizokuwa na kazi nilizifunga kiunoni, na sasa kibanda changu hakikauki watu. Wanakuja asubuhi jua likiwa zuri, wanaomba zao, wanaziinua, wanajitazama. Wanatazama na nyuma yao, kona ya nyumba, mti, ua wa jirani. Hizo za kazi ulizopanga kwa namba nadhani ziko bado kwenye ile ofisi, kama ofisi iko.

Mzee Abiriga amefariki huku, kwa homa, wiki mbili sasa. Tulimzika vizuri kadiri tulivyoweza. Slaidi yake ilipita mkono kwa mkono, koti lake na redio. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza, "Mjomba yako iko rudisha koti yangu lini?" Nikamwambia karibu. Nilimdanganya, nisamehe.

Najua utakana habari ya koti, basi nikukumbushe mwenyewe. Siku ile mmekwisha kufunga pampu, wewe na Obeti, uko na grisi mpaka kwenye ndevu, suruali imechanika, Eyotaru akasukuma mkono wa pampu, na maji yakatoka kwanza mekundu kisha meupe. Mimi nikakumbuka kamera ina filamu niliyoinunua kwa Umaru, na imebaki picha moja. Nikakuambia, "Mjomba, simama hivyo hivyo." Wewe uliyenitukana mwaka mzima! Ukaruka nyuma. Ukasema, "Nikiwa hivi? Una wazimu? Ngoja ninawe." Ukanawa kwa maji ya pampu, ukamgeukia Mzee Abiriga, ukamnyooshea mkono bila hata haya, akavua, ukavaa. Kisha ukasimama mbele ya pampu, mikono imebana mapajani, na ukaifunika yote.

Nilicheka mpaka picha nadhani imetikisika. Halafu mvua ikaanza, Umaru akapiga honi, ukapanda lori ukaondoka na koti la watu.

Filamu hiyo bado imo ndani ya kamera, na kamera ninayo. Nairobi iko mbali sasa na sijui nani ataisafisha. Wanaovuka usiku kwenda kuangalia mihogo yao wanasema pampu bado inatoa maji, na Eyotaru kila mara anawatuma wamletee chupa moja. Anaweka kwenye kaburi la Mzee, maana la mtoto wake liko mbali.

Nilikuandikia maneno makali mwezi wa nne. Siyafuti. Lakini andika, hata kama ni kunigombeza. Ugomvi wako nimeukosa.

Mpwa wako,
Kaltumu


Ariwara, 17 Septemba 1979

Kaltumu,

Muuza chumvi alikuwa mwizi na mizani yake ilikuwa na sumaku. Mwambie Umaru asichukue upande wake.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari ya Mzee Abiriga imeniumiza kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa nini hukupiga kelele lori lilipoondoka? Nililigundua koti mwilini nikiwa nimeshafika Arua, na baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi kwenu Koboko isipokuwa ya risasi. Nimelala nalo porini. Ninalo, nimelifua, nimeshona kwapa lililokuwa limefumuka. Umaru amekataa kulibeba, anasema nilirudishe mwenyewe kwa watoto wa Mzee. Nitalirudisha.

Sasa kuhusu hiyo filamu. Isikae kwenye joto. Isifunguliwe na mtu yeyote anayejidai fundi. Iweke ndani ya bati na mchele mkavu, na siku njia zikifunguka, hata kama ni baada ya miaka, ipeleke isafishwe. Usiende bila kuiandikia maelezo, nakujua. Nimekuandikia mimi, unakili tu, usibadilishe:

"Slaidi ya mwisho. Kisima cha Ludara, hatua ya mwisho. Koti ni la Mzee Abiriga. Aliyelivaa ni Tahiru. Pampu iko nyuma yake."

Tahiru Fadhul